Wimbo wa Bure Hulipiwa na Nani?



Katika miji mingi ya Tanzania, na siku hizi hata katika vijiji vilivyofikiwa na umeme, ipo biashara moja ndogo isiyojificha. Ni kibanda chenye kompyuta moja, spika mbili zinazopiga muziki tangu asubuhi, na kijana mmoja aliyeketi nyuma ya meza. Mteja huja na simu yake au flashi, akataja anachokitaka: taarabu, dansi la zamani, Bongo Fleva, kwaya, singeli. Kwa fedha kidogo tu huingiziwa nyimbo mia moja au mia mbili kwa mkupuo, akaenda zake amefurahi.

Katika shughuli hiyo kila aliyeshiriki amepata chake. Mwenye kibanda amepata riziki ya siku. Mwenye nyumba atapata kodi ya pango, shirika la umeme litapata fedha zake, na muuza flashi naye amekwisha kupata faida. Mmoja tu ndiye aliyesahauliwa, naye ni yule ambaye bila yeye kibanda kile kisingekuwa na cha kuuza: mtunzi na mwimbaji wa nyimbo zenyewe.

Haiwezi kusemwa kwamba sheria haipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ilikwisha kutamka kwamba kazi ya msanii ni mali yake, na ikaunda COSOTA kuisimamia mali hiyo. Mwaka 2013 Serikali ikaanzisha stempu za kodi za kubandikwa kwenye CD na DVD za muziki na filamu, ili bidhaa halali ijulikane mbele ya ile ya wizi. Nia ilikuwa njema. Lakini stempu hubandikwa kwenye kitu chenye umbo, na wakati ule wimbo ulikuwa umekwisha anza kuhama kutoka kwenye CD kwenda kwenye simu, ambako hakuna mahali pa kubandika chochote.

Ndipo linapokuja wazo ambalo limezunguka duniani kwa karibu miaka ishirini sasa. Wenye wazo hilo husema hivi. Kama msikilizaji hataki kulipa, au hana cha kulipa, asifukuzwe na polisi. Apewe wimbo bure, tena kwa halali, aupakue na kuondoka nao. Gharama ibebwe na mfanyabiashara anayetaka kumwuzia sabuni, soda au muda wa maongezi. Mfanyabiashara alipie tangazo, na fedha za tangazo zigawanywe kati ya mwenye mtandao na mwenye wimbo. Mwizi atashindwa mwenyewe, maana hakuna awezaye kuuza kwa bei iliyo chini ya bure.

Wazo hilo si la kubezwa, wala si la kumezwa zima zima. Linastahili kupimwa kwa yale yaliyotokea mahali lilipojaribiwa.

Mambo yalianzia Marekani. Mwaka 1999 kijana mmoja mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Boston, Shawn Fanning, alitengeneza programu iliyoitwa Napster, ambayo iliwawezesha watu kubadilishana nyimbo zilizomo katika kompyuta zao bila kumlipa mtu. Makampuni makubwa ya muziki yalikimbilia mahakamani, na Julai 2001 Napster ikazimwa. Zikazuka nyingine mahali pake, Kazaa na LimeWire zikiwa miongoni mwao. Kuanzia Septemba 2003 makampuni yakageuka kuwashitaki wasikilizaji wenyewe, mmoja mmoja. Katika miaka mitano watu wapatao 35,000 waliandamwa kwa namna hiyo, akiwemo mtoto wa kike wa miaka 12 wa New York ambaye mama yake alikubali kulipa dola 2,000 ili shauri liishe. Tajiri anapofikia kumdai mtoto wa shule, ni dhahiri kwamba amekwisha kuishiwa na hoja. Mwishoni mwa mwaka 2008 yakatangaza kuacha.

Wala wizi haukupungua. Shirikisho la makampuni hayo, IFPI, lilikadiria kwamba katika kila nyimbo 100 zilizopakuliwa duniani mwaka 2008, nyimbo 95 zilipakuliwa bila idhini ya wenyewe. Mapato ya muziki uliorekodiwa, ambayo mwaka 1999 yalizidi dola bilioni 20 kwa dunia nzima, yaliendelea kuporomoka hadi kuwa chini ya dola bilioni 15 mwaka 2014.

Katika hali hiyo ndipo wazo la matangazo lilipopata wafuasi. Agosti 2006 kampuni moja ya New York iitwayo SpiralFrog ilitangaza kwamba imekubaliana na Universal, kampuni kubwa kuliko zote za muziki duniani, kuwapa watu wa Marekani na Kanada nyimbo bure kwa fedha za matangazo. Magazeti yaliipokea habari hiyo kwa shangwe. Milango ikafunguliwa Septemba 2007, na msikilizaji aliyeingia akakuta masharti yanamngoja. Ilimpasa akae mbele ya matangazo wakati wimbo ukishuka. Mpango uliotangazwa mwanzoni ulitaja yapata dakika moja na nusu kwa wimbo mmoja. Ilimpasa arudi mara kwa mara, la sivyo nyimbo zote alizokwisha kupakua zilijifunga zenyewe. Nyimbo hizo hazikukubali kunakiliwa kwenye CD. Wala hazikupiga kwenye iPod, chombo ambacho wakati ule ndicho kilichojaa mifukoni mwa vijana wa Marekani! Machi 2009 SpiralFrog ikafunga shughuli zake, ikiacha madeni.

Ni rahisi kuwacheka waliobuni makufuli yale, lakini hawakuyaweka kwa ujinga. Mwenye kutangaza biashara hulipa kwa hesabu: tangazo limeonwa au kusikiwa mara ngapi. Wimbo ukishapakuliwa na kuondoka, hesabu inakoma. Anayetoa wimbo usio na kufuli hulipwa mara moja tu, siku ule wimbo unapopakuliwa. Baada ya hapo utasikilizwa mara elfu, utarushwa kwa marafiki kumi, nao watawarushia wengine kumi, na hakuna senti itakayorudi kwa aliyeutunga. Anayeweka kufuli anaweza kuhesabu, lakini msikilizaji anamkimbia na kurudi kwa mwizi, ambaye wimbo wake hufunguka kwenye chombo chochote. Kufunga ni kumpoteza msikilizaji; kufungua ni kuipoteza hesabu. Hapo ndipo penye fundo, na kila aliyejaribu kutoa nyimbo za bure amekutana nalo, ajue asijue.

(Wapo waliofika mbali kwa maneno kuliko vitendo. Januari 2008, mjini Cannes, kampuni ya Qtrax ilifanya sherehe kubwa kutangaza kwamba itatoa bure zaidi ya nyimbo milioni 25 za makampuni yote makubwa. Kabla sherehe haijapoa, Warner na wenzake wakajitokeza kusema hawajatia saini mkataba wowote.)

Jaribio la haki zaidi lilifanywa Uchina. Huko wizi wa muziki ulikuwa umeenea kiasi kwamba makampuni hayakuwa na cha kupoteza. Machi 2009 Google, ikishirikiana na mtandao wa Top100.cn, ilianza kuwapa wakazi wa Uchina nyimbo za bure zisizo na kufuli lolote, kwa idhini ya makampuni manne makubwa ya dunia, mapato ya matangazo yakigawanywa. Msikilizaji alipata wimbo safi, wenye sauti nzuri, usiobeba virusi vya kuharibu kompyuta yake. Masharti yote yaliyoiua SpiralFrog yaliondolewa. Hata hivyo Oktoba 2012 huduma hiyo ikafungwa, na Google yenyewe ikakiri kwamba haikupata mafanikio iliyoyategemea. Basi kufuli peke yake halikuwa ugonjwa wote.

Waliofanikiwa ni wale waliolikwepa fundo badala ya kulifungua. Spotify, iliyoanza kutoa huduma nchini Sweden na nchi jirani zake Oktoba 2008, haikumpa msikilizaji wa bure wimbo wa kuondoka nao. Humpigia wimbo kutoka mbali, kwa intaneti, na kila unapopigwa huhesabiwa. Matangazo huingizwa katikati. Asiyetaka matangazo hulipa kila mwezi. Njia hiyo, pamoja na nyingine zilizoiiga, ndiyo iliyoinua tena mapato ya muziki duniani, yakafikia dola bilioni 29.6 mwaka 2024.

Lakini ni nani hasa aliyeyainua? Hesabu za Spotify za mwaka 2023 zinajieleza. Mwisho wa mwaka huo ilikuwa na watumiaji milioni 602, na kati yao waliolipa kila mwezi walikuwa milioni 236 tu. Waliobaki, zaidi ya nusu, walisikiliza kwa hisani ya matangazo. Mapato ya kampuni mwaka huo yalikuwa yapata euro bilioni 13.2, na katika hizo matangazo yalileta kama euro bilioni 1.7. Kwa maneno mengine, watu zaidi ya nusu walileta senti 13 katika kila euro moja. Kuanzia mwaka 2024 kampuni hiyo ikaongeza sharti lingine: wimbo usiofikisha kupigwa mara 1,000 katika miezi kumi na miwili haupati kitu katika mgawo. Kwa msanii mwenye jina huko Los Angeles sharti hilo si lolote. Kwa mzee mwenye gitaa aliyerekodi nyimbo zake kwa lugha ya kabila lake, mgawo huo mdogo ndio alioutarajia.

Kisha kuna jambo ambalo wataalamu wa Ulaya hawalioni kwa kuwa halijawahi kuwasumbua. Wimbo unaopigwa kutoka mbali huhitaji bando kila unapousikiliza. Spotify iliingia Tanzania, Kenya na Uganda Februari 2021, na kwa mtumishi wa mjini mwenye intaneti ofisini ni huduma nzuri. Lakini mkulima, mwendesha bodaboda au mama lishe anayepima fedha za bando kama anavyopima mafuta ya kula hawezi kuulipia wimbo ule ule kila siku. Yeye hutaka kuuchukua mara moja na kuuweka. Ndiyo sababu kibanda kile cha flashi hakijafungwa na hakitafungwa kesho. Na ndiyo sababu upakuaji wa bure, ambao Marekani na Uchina umekwisha kuzikwa, una maana yake ya pekee katika Afrika Mashariki.

Hapa ndipo ilipoingia kampuni ya Mdundo, iliyoanzishwa Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 2010 kwa shabaha hiyo hasa. Msikilizaji hupakua wimbo bure, bila kufuli. Tangazo la sauti huwekwa ndani ya wimbo, likasikika kabla muziki haujaanza. Na sehemu ya fedha za tangazo hupewa mwenye kazi. Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoipatia wasikilizaji wengi. Septemba 2020 hisa zake zilianza kuuzwa katika soko la hisa la Copenhagen, nchini Denmark.

Ubunifu wa kuliweka tangazo ndani ya wimbo ni wa akili, na haifai kuudharau. Tangazo husafiri pamoja na wimbo. Kijana akimrushia mwenzake, na mwenzake akaupeleka kijijini, tangazo nalo limefika kijijini bila mfanyabiashara kukodi gari la matangazo. Swali ni kama mwimbaji naye amesafiri nalo. Mwenye kutangaza hupata masikio ya kijiji kizima, bali hesabu ilikomea pale simu ya kwanza ilipopakua. Fundo lile lile la SpiralFrog limerudi kwa mlango mwingine, safari hii likimwelemea mwanamuziki peke yake.

Tena kuna bei ya sikio lenyewe. Mfanyabiashara hanunui muziki. Hununua mfuko wa msikilizaji. Sikio la mtu wa London mwenye uwezo wa kununua gari lina bei moja, na sikio la mvuvi wa Mafia anayenunua sabuni ya kipande lina bei nyingine. Kwa hiyo wimbo mmoja, wenye jasho lile lile, hupata malipo tofauti kwa kutegemea umaskini wa wanaoupenda. Mathalani, chukua mfano wa kukadiria tu: mtangazaji akilipa shilingi 4,000 kwa kila mara elfu tangazo lake linapopakuliwa, na nusu ikaenda kwa mwenye kazi, basi wimbo uliopakuliwa mara 10,000 utaleta shilingi 20,000. Katika bendi ya watu kumi, kila mmoja atapata shilingi 2,000. Mara 10,000 ni wasikilizaji wengi; zamani bendi iliyoujaza ukumbi kwa watu mia tano tu ilirudi nyumbani na nauli, chakula na akiba kidogo.

Watasema wengine kwamba shilingi 2,000 ni bora kuliko sifuri ya kibandani. Ni kweli, na hoja hiyo haipingiki. Ila wasisahau kwamba malipo ya matangazo si mambo mapya katika muziki. Redio imeishi kwa njia hiyo kwa karibu miaka mia moja. Wimbo huvuta masikio, masikio huuzwa kwa mwenye tangazo, na fedha hubaki kituoni. Marekani, pamoja na utajiri wake wote wa matangazo, sheria yake haijavitaka vituo vya redio vya kawaida kumlipa mwimbaji. Hulipwa mtunzi na mchapishaji tu. Tanzania nako, tangu vituo vya watu binafsi viruhusiwe katika miaka ya 1990, nyimbo zilipigwa usiku na mchana kwa miaka mingi huku waimbaji wakiambiwa kwamba kupigwa redioni ni bahati, na wengine, kwa aibu kubwa, wakidaiwa chochote ili wapigwe. Januari 2022 COSOTA iligawa mirabaha ya nyimbo zilizopigwa redioni. Ilizidi shilingi milioni 300, na waliogawiwa walizidi elfu moja. Si fedha za kumjengea mtu nyumba. Lakini zilitoka, na zilitoka kwa sababu moja: kulikuwa na mtu aliyekaa akahesabu wimbo upi umepigwa wapi na mara ngapi.

Kwa hakika hapo ndipo wanamuziki na vyama vyao wanapopaswa kusimama, badala ya kubishana kama nyimbo za bure ni neema au laana. Mwenye mtandao anazo hesabu zote. Anajua wimbo umepakuliwa lini, wilaya gani, kwa simu ya aina gani, na tangazo la nani liliambatana nao kwa bei gani. Hesabu za mapato humwonyesha mwenye hisa wa Copenhagen kila nusu mwaka, kwa kuwa kanuni za soko la hisa zinamlazimisha. Mwimbaji wa Tandale huonyeshwa nini? Mara nyingi huonyeshwa jumla: wimbo umepakuliwa mara kadhaa, fedha yako ni hii. Bei ya tangazo haimo. Jina la mtangazaji halimo. Na kama jumla si sahihi, hana pa kuanzia kuuliza.

Hakuna sababu ya kiufundi ya kuficha mambo hayo. Kompyuta iliyoweza kuuhesabu wimbo inaweza pia kuichapa taarifa yake, kwa Kiswahili, wimbo kwa wimbo, mwezi kwa mwezi. COSOTA na vyombo vya kukusanya mirabaha vinaweza kuikagua, kama mizani ya pamba inavyokaguliwa ili mkulima asipunjwe. Aidha, mkataba unaweza kuweka malipo ya chini kwa kila upakuaji, awepo mtangazaji au asiwepo, ili hasara ya mwezi mbaya isimwangukie aliye mnyonge kuliko wote. Wanaoendesha mitandao watalalamika kwamba faida itapungua. Nao wenye vinanda, ngoma na magitaa wamelalamika tangu enzi za kanda za kaseti.

Amebaki yule kijana wa kibandani. Katika mijadala yote hii hutajwa kama mwizi, akahesabiwa amekwisha. Lakini yeye ndiye anayejua watu wa mtaa wake wanataka nini; yeye ndiye anayewafikia wasio na bando. Kama angepewa leseni nafuu, akapata nyimbo halali kutoka chanzo kimoja, na kila anapoziingiza kwenye simu ya mteja hesabu ikaandikwa, simu ile ya pili, ya tatu na ya kumi ambazo sasa hazionekani zingeanza kuonekana. Gharama yake ni programu ndogo na daftari la leseni. Mtangazaji angelipia masikio ambayo leo anayapata bure. Mwenye kibanda angefanya kazi yake bila kuogopa msako. Nao wanamuziki wangepata kujua, hata kabla ya fedha kufika, kwamba wimbo wao umeingizwa mara ngapi Tunduru, mara ngapi Kasulu, na mara ngapi Bagamoyo.